Roketi za India: Kujitegemea Huanza kwa Kukiri Kosa

Tarehe 23 Agosti, 2023, chombo cha India kisichokuwa na mtu ndani yake kilitua salama juu ya uso wa Mwezi, katika eneo la kusini lililo karibu na ncha, ambako hakuna taifa lililokuwa limetua kabla ya hapo. Hadi siku hiyo ni mataifa matatu tu, yaani Urusi ya Kisovyeti, Marekani na China, yaliyokuwa yamefaulu kuteremsha chombo Mwezini taratibu bila kukivunja. Habari hiyo ilishangiliwa duniani kote, hasa katika nchi zilizowahi kutawaliwa, na ilistahili kushangiliwa. Lakini shangwe hazifundishi. Mwenye kutaka kujifunza hana budi kuuliza maswali mawili. La kwanza, taifa lililoanza kazi hii likiwa maskini, bila kiwanda cha roketi na bila mtaalamu hata mmoja aliyewahi kuirusha, lilifikaje huko? La pili, njia hiyo iliyolifikisha hapo inatosha kulipeleka mbele zaidi?

Kazi ilianzia Thumba, kijiji cha wavuvi karibu na mji wa Trivandrum katika jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pamekaribiana na ikweta ya sumaku ya dunia, na hivyo panafaa kwa uchunguzi wa tabaka za juu za hewa. Wanakijiji walihama kupisha kazi hiyo, na kanisa lao, baada ya askofu wao kukubali, likageuzwa kuwa ofisi na karakana. Tarehe 21 Novemba, 1963, roketi ya kwanza ilirushwa kutoka hapo. Haikuwa ya India. Ilikuwa ndogo, na ilitoka Marekani. Katika miaka hiyo sehemu za roketi zilibebwa kwa baiskeli kutoka karakana hadi mahali pa kurushia.

Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Dakta Vikram Sarabhai. Wako waliomwuliza, nchi yenye njaa ina haja gani na roketi? Jibu lake lilikuwa kwamba India haikuwa na ndoto ya kushindana na mataifa makubwa katika safari za fahari, bali ilitaka kuzitumia elimu na mitambo ya kisasa kutatua matatizo ya watu wake. Sarabhai alifariki dunia Desemba 1971, lakini maneno yake hayakuachwa yawe maneno matupu. Kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976, vijiji vipatavyo 2,400 katika majimbo sita vilipokea vipindi vya televisheni juu ya kilimo, afya na elimu ya watoto moja kwa moja kutoka setilaiti. Kwa vijiji vingi hiyo ndiyo iliyokuwa televisheni ya kwanza kuonekana.

Hata hivyo, setilaiti ile ilikuwa ya Marekani, na mwaka ulipokwisha iliondolewa, na vijiji vikabaki bila picha. Setilaiti ya kwanza iliyoundwa na Wahindi wenyewe, Aryabhata, ilipelekwa angani Aprili 1975 kwa roketi ya Urusi ya Kisovyeti. Ilidhihirika basi kwamba mwenye setilaiti lakini hana roketi ni kama mkulima mwenye mavuno lakini hana njia ya kuyafikisha sokoni. Atangojea gari la mwingine, kwa siku aitakayo mwenye gari na kwa nauli aitakayo mwenye gari. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Inafaa ielezwe kwa ufupi ugumu wa kazi yenyewe. Ili kitu kizunguke dunia bila kuanguka hapana budi kipewe mwendo wa karibu kilomita 8 kwa kila sekunde. Hakuna roketi ya mzigo inayoweza kuupata mwendo huo ikiwa inabeba uzito wake wote mpaka mwisho. Kwa hiyo roketi hujengwa kwa ngazi, ngazi juu ya ngazi. Ya chini huwaka, humaliza fueli yake, kisha hukatwa na kuangushwa baharini, ndipo ya pili huwaka, na kuendelea hivyo hivyo. Vali moja ikikwama, au hesabu moja ikikosewa, kazi ya miaka kumi huishia majini katika dakika tano.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 10 Agosti, 1979, roketi ya kwanza ya India ya kubeba setilaiti, SLV-3, ilirushwa kutoka kisiwa cha Sriharikota, pwani ya mashariki. Ilikuwa na urefu wa meta 22, uzito wa tani 17, na ngazi nne. Vali ya mfumo wa kuiongoza ngazi ya pili ikaharibika, roketi ikapoteza mwelekeo, ikaanguka katika Ghuba ya Bengal. Mkurugenzi wa mradi alikuwa A.P.J. Abdul Kalam, ambaye baadaye alikuwa Rais wa India. Kalam alieleza mara nyingi maishani mwake jinsi mkuu wa Shirika la Utafiti wa Anga la India, ISRO, Profesa Satish Dhawan, alivyotoka mwenyewe mbele ya waandishi wa habari siku ile, akalibeba kosa lote juu ya mabega yake, akasema vijana wake watafaulu. Tarehe 18 Julai, 1980, SLV-3 iliiweka setilaiti ya kilo 35 angani. Siku hiyo Dhawan hakutoka. Alimwambia Kalam akazungumze yeye na waandishi.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya uungwana, na uungwana umo. Lakini faida yake kubwa ilikuwa ya kazi. Mtaalamu anayejua kwamba mkubwa wake hatamtoa kafara, hana sababu ya kuficha kosa. Na kosa lisilofichwa hupata dawa.

Dawa hiyo ilihitajiwa mara nyingi. Roketi iliyofuata, ASLV, ilishindwa Machi 1987 kwa sababu ngazi moja haikuwaka. Ikashindwa tena Julai 1988 kwa kupoteza mwelekeo ikiwa bado ndani ya hewa nzito. Ni mwaka 1992 ndipo ilipoifikisha setilaiti angani. Roketi kubwa zaidi, PSLV, ilishindwa katika safari yake ya kwanza Septemba 1993, kwa kosa lililokuwamo katika programu ya kompyuta ya kuiongoza. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1994, ilifaulu. Wahenga walisema, kosa moja haliachi mke. Kama Serikali ya India ingeifunga kazi hii baada ya ASLV ya pili, leo pasingekuwa na la kusimulia.

PSLV ndiyo iliyokuja kuwa punda wa kazi wa India. Ndiyo iliyopeleka chombo cha kwanza cha India kuuzunguka Mwezi mwaka 2008. Ndiyo iliyoanzisha safari ya Mirihi Novemba 2013, safari iliyogharimu rupia zipatazo bilioni 4.5 na kufika Mirihi Septemba 2014. Ndiyo iliyobeba setilaiti 104 kwa safari moja tarehe 15 Februari, 2017, nyingi zikiwa za wateja wa nchi za nje.

Lakini PSLV haikuwa na nguvu ya kufikisha setilaiti nzito za mawasiliano na hali ya hewa kwenye kimo cha kilomita 36,000, ambako setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja juu ya nchi. Kazi hiyo ilihitaji injini inayochoma hidrojeni na oksijeni zilizogeuzwa kuwa majimaji kwa baridi kali. Hidrojeni hubaki majimaji penye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri tu. Chuma hukakamaa, mipira ya kuzibia hupasuka, mafuta ya kulainishia huganda. Ni mataifa machache yaliyoijua siri ya injini hiyo, na India ilifanya mapatano ya kuinunua siri hiyo, pamoja na injini zenyewe, kutoka Urusi ya Kisovyeti mwaka 1991.

Marekani ikapinga, ikidai kwamba elimu hiyo ingeweza kutumiwa kwa silaha, na mwaka 1992 ikayawekea vikwazo mashirika ya pande zote mbili. Mwaka uliofuata Urusi, iliyokuwa katika dhiki baada ya Muungano wa Kisovyeti kuvunjika, ilijitoa katika sehemu muhimu ya mapatano. Ikakubali kuuza injini zilizokwisha kuundwa, lakini siri ya kuziunda ikabaki kwake. Mwanafunzi akapewa samaki, akanyimwa ndoana.

India ikaamua kuifua ndoana yenyewe, na ilichukua miaka 20. Roketi ya GSLV iliruka kwa mara ya kwanza Aprili 2001 ikitumia injini ya Kirusi. Injini ya kwanza iliyoundwa India ilijaribiwa safarini Aprili 2010, ikashindwa. Agosti 2013 roketi nyingine ilikuwa imesimama tayari, muda wa saa moja hivi ukiwa umebaki, fueli ikaonekana kuvuja katika ngazi ya pili. Wakuu wakasimamisha kazi, wakaibomoa roketi, wakaitengeneza upya. Tarehe 5 Januari, 2014 ikaruka na kufaulu.

Mafanikio hayo yapimwe kwa mifano miwili. Julai 2013 setilaiti ya hali ya hewa ya India ilibidi ipelekwe Amerika ya Kusini, ikarushwe kwa roketi ya Ulaya kwa malipo. Februari 2024 setilaiti ya aina hiyo hiyo ilirushwa Sriharikota kwa GSLV. Na tarehe 30 Julai, 2025, setilaiti ya kuchunguza ardhi na barafu, iliyojengwa kwa ubia wa India na Marekani, ilibebwa na GSLV yenye injini iliyofuliwa India. Taifa lililozuia injini mwaka 1992 lilikuja kukabidhi mzigo wake wa thamani kubwa kwa injini iliyozaliwa kutokana na kizuizi hicho.

Manufaa ya kazi yote hiyo si ya maabara peke yake. Kimbunga kilichoipiga pwani ya Orissa mwaka 1999 kiliua watu wapatao 10,000. Mwaka 2013 kimbunga kingine kikali kiliipiga pwani hiyo hiyo, lakini watu karibu milioni moja walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na waliokufa walihesabika kwa makumi. Setilaiti peke yake haikuwaokoa; waliookoa ni watumishi wa wilaya na vijiji waliopata habari mapema na kuitumia. Hiyo ndiyo maana ya jibu la Sarabhai.

Sasa ni vema yatazamwe yaliyo mbele, kwa maana mitihani inayoingojea India ni mizito kuliko iliyopita.

Mtihani wa kwanza ni wa uzito. Roketi kubwa kuliko zote za India, LVM3, yenye uzito wa tani 640, ndiyo iliyobeba chombo cha Mwezi mwaka 2023. Novemba 2025 ilirusha setilaiti ya mawasiliano ya kilo zipatazo 4,400, na hapo karibu ndipo kikomo chake kwa njia ya kwenda kimo kile cha juu. Ndiyo sababu Novemba 2024 setilaiti nyingine ya India, ya kilo 4,700, ilisafirishwa Marekani na kurushwa kwa roketi ya kampuni ya huko. Nauli kwa gari la mwingine haijakwisha kabisa.

Mtihani wa pili ni wa gharama. Kwa miaka mingi sifa ya India ilikuwa urahisi wa bei. Lakini kampuni ya Kimarekani SpaceX imeweza kuirudisha chini ngazi ya kwanza ya roketi yake na kuitumia tena na tena, wakati roketi za India huishia baharini kila safari. Mwenye kutupa jembe kila baada ya msimu hawezi kushindana kwa bei na mwenye kulinoa. Kwa hiyo Septemba 2024 Serikali ya India ilipitisha rupia bilioni 82.4 kwa roketi mpya, itakayobeba hadi tani 30 kwenye njia ya karibu na dunia, na ambayo ngazi yake ya kwanza itarudi kutumika tena. Roketi hiyo inatakiwa kuwa tayari kwa ajili ya kituo cha anga kinachokusudiwa ifikapo 2035, na safari ya Mhindi kwenda Mwezini ifikapo 2040. Kuamua ni jambo moja. Kujenga injini za nguvu hiyo, na kuifunza roketi kurudi nyumbani na kusimama wima, ni jambo jingine.

Mtihani wa tatu ni wa wingi. Mwaka 2025 safari za roketi za India hazikufika 10, ilhali kampuni moja ya Marekani ilipita 100. Shirika la wanasayansi haliwezi kuwa pia kiwanda cha kutoa roketi kila juma. Tangu 2020 milango imefunguliwa kwa viwanda na makampuni ya Kihindi, na ufundi wa roketi ndogo, SSLV, umetolewa kwa kampuni ya umma inayounda ndege. Uwanja wa pili wa kurushia unajengwa Kulasekarapattinam katika jimbo la Tamil Nadu. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: roketi inayokwenda upande wa ncha za dunia kutoka Sriharikota hulazimika kupinda ili isipite juu ya Sri Lanka, na katika kupinda hupoteza fueli. Kutoka uwanja mpya itakwenda kusini moja kwa moja juu ya bahari. Viwanda hivyo vitahitaji mafundi, na mafundi hutoka shuleni. Kalam alimkumbuka hadi uzeeni mwalimu wake wa Rameswaram aliyewatoa watoto darasani, akawapeleka ufukoni kuwaonyesha jinsi ndege wanavyoruka.

Mtihani wa nne ni wa uhai wa watu. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kufikia 2022 Mhindi angepaa kwa roketi ya Kihindi. Mwaka huo ulipita, na mingine ikapita. Rakesh Sharma alipaa mwaka 1984 kwa chombo cha Kisovyeti. Shubhanshu Shukla alipaa Juni 2025 kwa chombo cha Kimarekani. Oktoba 2023 ISRO ilijaribu mtambo wa kuwanusuru wasafiri endapo roketi itaharibika, na jaribio likafaulu. Wako wanaolalamika kwamba kazi inakwenda polepole. Walalamikao wakumbuke kwamba setilaiti ikipotea hujengwa nyingine, lakini mtu hajengwi. Kuchelewa kwa ajili ya usalama si aibu.

Mtihani wa tano hauna mtambo ndani yake, nao ndio mkubwa kuliko yote. Ni mtihani wa kukiri kosa. GSLV iliposhindwa Agosti 2021, kamati ilichunguza, na wananchi wakaelezwa kwamba vali katika tangi la hidrojeni ilivuja. SSLV iliposhindwa Agosti 2022, ilielezwa waziwazi kwamba mtikisiko wakati wa kuachana kwa ngazi uliipotosha mitambo ya kupimia mwendo. Kosa likatengenezwa, na baada ya miezi sita roketi hiyo ikafaulu. Lakini tarehe 18 Mei, 2025, PSLV, punda yule wa kazi aliyeaminiwa kwa zaidi ya miaka 30, ilishindwa katika ngazi yake ya tatu. Kamati ikaundwa, ikachunguza, lakini ripoti yake kamili haikutolewa kwa umma. Januari 2026 PSLV nyingine ikarushwa, na tatizo likatokea tena katika ngazi ya tatu, setilaiti zote zikapotea.

Si haki kusema kwamba kosa la pili lilitokana na kutochapishwa kwa ripoti ya kwanza. Wataalamu wanaweza kulijua kosa na kulishughulikia bila kulitangaza. Lakini kuna hatari ambayo mtumishi yeyote wa umma anaifahamu. Ripoti inayowekwa wazi husomwa na wengi, wakiwamo wale wasiomwogopa mkubwa yeyote. Ripoti inayofungiwa kabatini husomwa na wachache, na mara nyingi ni wale wale waliofanya kazi inayochunguzwa. Tena shirika likisifiwa sana, huanza kuona haya kushindwa, na lililozoea kupigiwa makofi huogopa kimya. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mwaka 1979 ISRO haikuwa na sifa ya kulinda. Ilikuwa rahisi kwa Dhawan kutoka na kusema roketi imeanguka, ingawa ulihitajika moyo. Leo shirika hilo lina Mwezi na Mirihi katika hesabu zake, lina wateja wanaolipa, na lina taifa zima linalotazama. Leo ndipo moyo ule unapohitajiwa zaidi.

Ndugu walimu na ndugu watumishi wa umma, historia hii haiwahusu wahandisi wa India peke yao. Mwalimu anayempiga mwanafunzi kwa jibu lisilo sahihi humfundisha kunakili. Mkuu wa ofisi anayetaka ripoti nzuri tu, hupata ripoti nzuri tu, hadi siku daraja linapovunjika au dawa zinapokwisha. India haikufika Mwezini kwa kuwa haikuanguka. Chombo chake cha 2019 kilijipiga chini Mwezini na kuvunjika, na cha 2023 kilijengwa juu ya mafunzo ya kuvunjika huko. Ilifika kwa sababu kila ilipoanguka, yupo aliyesimama akasema tumeanguka, na hapa ndipo tulipokosea. Wakiendelea kusema hivyo, roketi ile ya tani 30 itaruka. Wakiacha, fedha zote hizo hazitaiinua.